Nywele Zinazorudi

Nywele zilikuwa kumi na saba. Inspekta Ephantus Murage alizipanga kwa kibanio juu ya karatasi nyeupe, na kila moja ilikuwa na rangi ya bati lililoshika kutu.

"Zilikuwa ndani ya pindo la shali," alisema Koplo Seline Adoyo. "Walioiokota Jumatano hawakuikung'uta. Waliona shali ya mtoto imenasa kwenye mafunjo ziwani, wakapiga nduru, kazi ikaisha."

Kazi haikuwa imeisha. Ilikuwa Ijumaa, Oktoba 1987, na mtoto wa wiki tano alikuwa ametoweka tangu Jumanne asubuhi, mama yake Apiyo alipomwacha amelala akaenda kuchota maji. Baba yake, Dishon, fundi wa baiskeli katika soko la Kombewa, alikuwa seli, upande wa pili wa ukuta huu. Watu ishirini walimsikia sokoni akiapa kwamba mtoto mwenye nywele zile si damu yake, na kwamba ataitupa hiyo kutu ziwani. Mkuu wa kituo alikuwa amekwisha kuandika neno moja juu ya jalada: mauaji. Jumatatu Dishon angefikishwa kortini Kisumu, na kwa kosa hilo sheria ilijua adhabu moja tu, kitanzi.

Murage alimpa Seline kioo cha kukuzia. "Tazama ncha."

Seline aliinama. "Hazikung'oka."

"Hazina mizizi. Zimekatwa kwa wembe, zote karibu na ngozi. Mtu anayetaka kumzamisha mtoto, anamnyoa kwanza kwa nini?"

"Hamnyoi. Anayenyoa anataka kukaa naye."

"Au kumficha. Basi huenda yuko hai."

"Siku nne bila titi, afande."

"Ndiyo maana hatukai chini." Murage alizifunga nywele katika bahasha. "Huku kwenu nani hunyoa mtoto mchanga?"

"Bibi yake. Nywele za kwanza si kazi ya kinyozi."

"Bibi yupi?"

"Mama ya baba, ama mama ya mama."

"Basi tuna majina mawili," alisema Murage, akachukua kofia.

* * *

Boma la Dorca, mama yake Dishon, lilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka sokoni, juu ya mteremko unaoshuka hadi ziwani. Kabla Landrova haijafika langoni walisikia redio. Ilikuwa ikipiga kwaya kwa sauti ya juu kabisa, hadi spika ikakwaruza.

Dorca alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchele. Alikuwa mjane wa miaka sitini hivi, amefunga kilemba cheupe cha kanisa, na hakusimama.

"Mama Dishon, habari ya asubuhi," alisema Seline.

"Habari ni hiyo mlifungia seli."

"Tunaomba upunguze redio kidogo."

"Redio ni yangu na betri ni zangu. Nyumba imekuwa kimya sana. Nyinyi mmechukua kijana, ziwa limechukua mtoto. Mnataka hata redio?"

Murage alichuchumaa mbele yake ili wasikizane. "Mama, Jumanne asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nikipika uji. Wewe ni mtu wa Nyeri, sindiyo? Nani alikutuma utoke kwa kahawa uje kusumbua wajane?"

"Serikali, Mama."

"Mwambie serikali ilipe viatu vyako. Vimekwisha."

Seline aliuma mdomo asicheke. Murage hakutazama viatu.

"Ulimwona mtoto kwa macho yako?"

"Mimi ndiye nilimpokea akitoka hospitali. Nilifungua shali nikaona. Nikaifunga." Vidole vya Dorca havikuacha mchele. "Watu wanasema ni ya mzungu, yule alikuwa akichimba visima. Wacha waseme. Kichwa kama hicho hakina dawa. Hata ukinyoa, zinarudi vilevile."

Murage aliandika. Kutoka mlangoni aliona chumba cha mbele: viti vinne, vitambaa vya kufuma, kalenda ya kanisa. Nyuma kulikuwa na mlango wenye pazia. Ripoti ya Sajini Absalom, aliyeongoza upekuzi Jumatano, ilikuwa mfukoni mwake: *boma lote limepekuliwa, hakuna kitu.*

"Na Selpha, mama yake Apiyo? Umemwona wiki hii?"

"Selpha yuko Dunga na samaki zake. Ama hayuko. Muulize yeye."

Apiyo alikuwa katika nyumba yake ndogo chini ya boma. Alikuwa amelala juu ya mkeka, gauni limelowa kifuani kwa maziwa yasiyo na wa kuyanyonya. Seline alikaa kando yake. Aliuliza swali ambalo Murage asingelijua.

"Apiyo ni jina ya pacha anayetangulia. Adongo wako, yule wa nyuma, yuko wapi?"

"Alikufa. Tulikuwa wachanga."

"Kaburi liko wapi?"

Apiyo alifikiri. "Sijawahi kuonyeshwa," alisema. Kisha akamshika Seline mkono. "Dada, mtoto wangu anakunywa nini sasa?"

Redio ilikuwa imeanza wimbo mwingine.

* * *

Tabibu Zacchaeus, wa hospitali pale Kombewa, ndiye aliyempima mtoto siku alipozaliwa. Alikuwa kijana mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni. Aliiangalia bahasha bila kuigusa.

"Kwanza, si njaa," alisema. "Nywele za utapiamlo huwa nyekundu, lakini mtoto hazaliwi nazo. Huyu alikuwa kilo tatu na robo, mwenye nguvu. Pili, si mzungu."

"Una uhakika gani?"

"Hata baba angekuwa mzungu, nyeusi ya mama ingefunika. Sikiliza, Inspekta. Mtoto hupokea vitu viwili vya rangi, kimoja kwa mama, kimoja kwa baba. Cheusi kina sauti kubwa. Hiki chekundu kina sauti ndogo. Ukiviweka chumba kimoja unasikia cheusi tu. Lakini kile kidogo hakijafa. Kimo mle, kinanong'ona. Mtu anaweza kukibeba mpaka kaburini, nywele zake nyeusi ti, asijue."

"Mpaka lini?"

"Mpaka akutane na mwingine anayekibeba. Hapo mtoto mmoja kati ya wanne, kwa wastani, hupata vile vidogo viwili. Hakuna cha kuvifunika. Ni aina ya uzeruzeru, ile ya ngozi nyekundu."

"Kwa hiyo lazima itoke pande zote mbili."

"Lazima. Kwa Apiyo na kwa Dishon. Siwezi kukuapia kortini kwamba Dishon ni baba. Lakini nywele hizi zinamtetea yule msichana kuliko zinavyomshitaki." Zacchaeus alisita. "Nilijaribu kuwaeleza siku ile. Dishon alisikia neno la kwanza akatoka nje. Mama yake peke yake ndiye alibaki. Alisikiliza mpaka mwisho."

"Alisema nini?"

"Aliuliza swali moja. Kama watu wote watakuja kujua hivyo."

Murage aliandika hilo pia. Lakini kichwani alikuwa na pacha asiye na kaburi, na kidole chake kilikuwa kimeelekea upande mmoja tu.

* * *

Dunga, wanawake wa samaki walikuwa wakiparua mbuta juu ya meza za mbao. Meza ya Selpha ilikuwa tupu.

"Selpha hayuko tangu Jumanne," alisema mmoja. "Amekwenda Katito kwa binti yake."

"Binti yake si ameolewa Kombewa?" aliuliza Seline.

Kisu kilisimama. Mwanamke mzee wa meza ya pili aliguna.

"Haya basi, umetoa," alimwambia mwenzake. "Mdomo yako kama lango ya soko. Sasa polisi ndio hao, maliza."

Walimaliza. Adongo hakuwa amekufa. Alizaliwa na nywele nyekundu, dakika kumi nyuma ya Apiyo mweusi. Baba yao aliposema hataki kumwona, Selpha alimpeleka Katito kwa dadake, akarudi analia mikono mitupu. Watu walidhani ni msiba, naye akawaacha wadhani hivyo.

Landrova ilikata barabara ya Kisii kwa kasi. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa ziwa, na hakukuwa na upepo. Murage aliendesha akiwa na picha moja akilini: bibi, mjukuu aliyenyolewa, na nyumba ambayo imewahi kuficha mtoto wa namna hiyo.

Waliikuta. Mlango ulifunguliwa na Apiyo.

Hivyo ndivyo Murage alivyodhani kwa sekunde moja. Uso ulikuwa ule ule, lakini ngozi ilikuwa nyekundu kama udongo, macho yakikimbia mwanga, na chini ya kitambaa nywele zilikuwa rangi ya kutu. Nyuma yake Selpha, mfupi na mnene, alisimama na kuinua mikono kana kwamba ameelekezewa bunduki.

"Mtoto yuko wapi?" aliuliza Murage.

"Mtoto yupi?"

"Mama, usinipotezee muda. Mjukuu wako. Umemnyoa, umemleta hapa."

"Mimi?" Selpha alishusha mikono. "Nilikuja hapa Jumanne kumwomba huyu msamaha! Kumwambia twende naye Kombewa tumwonyeshe Dishon, aone nywele zinatoka kwetu, aache kumpiga msichana wangu. Tukasikia mtoto ameanguka ziwani. Nimeshindwa kutoka hapa. Nimeshindwa hata kula."

Seline alipekua. Nyumba ilikuwa na chumba kimoja na jiko, na hakuna chombo wala nguo ya mtoto. Adongo aliketi akimtazama Inspekta kwa macho yaliyofinywa.

"Mmetoka Kombewa mpaka hapa kwa sababu ya kichwa changu," alisema taratibu. "Na kwao mliangalia?"

"Kwao wapi?"

"Kwa bwana yake. Mama ananiambia ni aibu yake peke yake. Mimi nina kuku, afande. Rangi haiji na mzazi mmoja."

Murage alifungua daftari, akarudisha kurasa. Lazima itoke pande zote mbili. Upande wa Apiyo ulikuwa umekaa mbele yake, hai, miaka ishirini na sita. Basi upande wa Dishon nao ungeweza kuwa na mwingine. Yule alikuwa wapi? Alifika ukurasa wa asubuhi. Aliusoma kwa sauti.

"Hata ukinyoa, zinarudi vilevile."

Seline aligeuka. "Hatukuwa tumemwambia mtu yeyote habari ya wembe."

"Hatukumwambia. Na mtu hajui zinavyorudi mpaka awe amenyoa kichwa kama hicho akangoja. Amewahi kufanya hivyo kabla." Murage alisimama. "Na ile redio, Seline. Mjane, betri ni ghali, anaipiga mchana kutwa mpaka inakwaruza. Sauti kubwa ya kufunika sauti ndogo."

* * *

Simu ya kituo cha Katito ilichukua dakika kumi kupata Kombewa. Sajini Absalom alipokea akiwa anatafuna kitu.

"Jumatano ulipekua boma la Dorca," alisema Murage. "Chumba cha kulala uliona nini?"

Kutafuna kukakoma.

"Sajini."

"Afande, chumba cha kulala hatukuingia."

"Umeandika boma lote."

"Boma lote la kuingilika. Mimi na wale vijana ni wa ukoo wake. Yule ni mama yetu. Mwanaume mzima hapiti pazia ya mama yake aone kitanda. Hata hakuna mtu aliuliza, tulipita tu."

"Nenda sasa. Ingia."

"Nifunge wewe, afande. Siingii."

Murage alifumba macho, akayafumbua. "Basi simama langoni. Asitoke. Umesikia? Asitoke mpaka nifike."

Alirudi kwenye gari akikimbia. Kisumu waliipita bila kusimama. Baada ya mji, juu ya ziwa, nzi wa majini walikuwa wameanza kupanda, nguzo nyeusi baada ya nguzo, kama moshi wa moto ambao hakuna aliyeuwasha.

Waliingia bomani saa tisa na robo. Redio ilikuwa kimya.

Absalom alikuwa langoni, bunduki begani, mahali hasa alipoambiwa asimame.

"Yuko ndani?"

"Mama ametoka kidogo tu. Ameenda ziwani kuosha vyombo. Na karai yake."

"Nilikwambia asitoke!"

"Afande," alisema Absalom, na uso wake ulikuwa na mshangao wa kweli, "nimwambie mama asioshe vyombo?"

Murage alilisukuma pazia. Nyuma ya kitanda kulikuwa na kikapu kilichotandikwa nguo kuukuu. Kulikuwa na kikombe chenye maziwa ya mbuzi yaliyoganda ukingoni, kijiko, wembe. Kitambaa kimoja kilikuwa bado kimelowa mkojo. Ulikuwa wa joto.

Waliteremka mbio. Njia ilipita kati ya mihogo, kisha ikafunguka ufuoni, ambako omena, dagaa wa ziwa hili, zilikuwa zimeanikwa juu ya nyavu na kila mtu alikuwa amekimbilia nyumbani mvua isimkute. Dorca alikuwa peke yake, ndani ya maji. Karai lilikuwa kichwani, mikono yote miwili imelishika. Maji yalikuwa yamepita magoti, naye alitembea kama mtu anayekwenda mahali anapopajua.

"Simama! Polisi!"

Hakugeuka. Alipiga hatua nyingine. Murage aliingia majini, na Seline akamshika mkanda kwa nyuma.

"Ukimkimbilia, ataliachia," alisema. "Niache mimi."

Alivua kofia. Alivua viatu, akaviweka juu ya mchanga kana kwamba hakuna haraka yoyote duniani. Kisha akaingia ziwani, akizunguka kwa mbali, mpaka akawa mbele ya Dorca, maji yakimfika kiunoni. Hakunyoosha mkono. Alizungumza kama mwanamke aliyekutana na mwenzake njiani.

"Mama, umebeba tangu nyumbani."

Dorca alisimama.

"Ni mzito?"

"Si mzito sana," alisema Dorca. Sauti ilikuwa kavu.

"Hata hivyo. Mimi niko hapa nimesimama na mikono yangu, halafu wewe ujitue peke yako? Watu wataniuliza nililelewa na nani. Leta, nikutue."

Radi ilinguruma mbali, upande wa visiwa. Midomo ya Dorca ilisogea bila sauti. Kisha shingo ile, iliyobeba maji na kuni na samaki kwa miaka hamsini, ikafanya yenyewe ilichozoea kufanya kila ilipoambiwa neno hilo: ikalegea. Magoti yakakunjika kidogo. Kichwa kikainama mbele, na mikono ya Seline ikapokea karai.

Juu kulikuwa na sahani mbili za bati. Chini ya sahani, leso. Chini ya leso, mtoto wa kiume, amejikunja, macho wazi. Alivuta pumzi, akalia kilio chembamba cha paka. Safari hii hapakuwa na kwaya ya kukifunika. Juu ya mteremko, mlango wa nyumba ndogo ulifunguka kwa kishindo, na Apiyo akaanza kuteremka mbio akianguka na kuinuka.

Murage alimshika Dorca kiwiko, akamrudisha ufuoni. Hakukataa. Alikaa juu ya mchanga, kando ya omena, akamtazama mjukuu wake ndani ya karai, mikononi mwa Seline. Kichwa kilikuwa kimenyolewa safi siku nne nyuma. Juu ya utosi, vinyweleo vipya vilikuwa vimeanza kutokeza. Vilikuwa vyekundu.

"Zimetoka asubuhi hii," alisema Dorca. "Nilisema nitangoja. Zikija nyeusi, namrudisha, nasema nimemwokota kwa mafunjo. Nikatazama kila asubuhi. Leo mlipoondoka nikatazama tena."

"Shali uliweka wewe."

"Mimi."

"Na Dishon? Angenyongwa."

"Hakuna maiti. Nilidhani wangemwachilia." Alijifuta uso kwa kilemba. "Ni mtoto wangu, yule. Sikupanga afungwe."

"Huyu pia ni wa Dishon, Mama. Ulimsikia tabibu."

"Nilimsikia. Unafikiri nini kilinifukuza usingizi?" Aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Angekuwa wa mzungu, ningelala. Aibu ingekuwa ya Apiyo, angerudi kwao, imekwisha. Lakini tabibu anasema pande mbili. Watu wakijua ni pande mbili, watauliza kwetu ilikuwa nani."

Tone la kwanza la mvua lilianguka juu ya daftari. Apiyo alikuwa amefika. Alimpokonya Seline mtoto bila neno, akakaa papo hapo ukingoni mwa maji na kufungua kifua, na kilio kikakatika.

Murage alifungua ukurasa mpya.

"Ilikuwa nani?"

"Msichana. Kabla ya Dishon. Nilimnyoa mara tatu. Mara ya tatu zilipotoka, mume wangu alisema akisikia kilio tena katika nyumba ile, atatuchoma wote."

"Nani alimleta hapa ziwani?"

"Kichwa changu hiki hiki, na karai."

Kalamu ilisimama. Mvua ilikuwa imeufuta upande wa pili wa ghuba, na ziwa lilikuwa karibu kuliko lilivyokuwa. Dorca alimtazama Seline, aliyekuwa bado ameshika karai tupu kwa mikono miwili.

"Nilitembea polepole," alisema. "Nilipita wanawake wengi njiani, wakanisalimu. Siku hiyo hakuna aliyeniambia anitue."